Bligi wa Lualaba

Tangu siku masua ilipopanda mchanga chini ya mji wa Lowa, Kasimu na Zéphirin waliacha kusalimiana. Kasimu alikuwa mpima maji. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele kabisa ya masua, yaani meli ile ya mto, kuchovya upondo wenye mistari myeupe na myekundu, na kuita kina cha maji kwa sauti. Zéphirin alikuwa mshika usukani. Alisikia sauti ile akageuza gurudumu. Siku ile ama mmoja alichelewa kuita, ama mwingine alichelewa kugeuza. Hakuna aliyejua kwa hakika, na kila mmoja aliapa kwamba kosa ni la mwenzake. Kapiteni aliwaadhibu wote wawili, jambo lililowachukiza kuliko adhabu yenyewe, kwa sababu liliwaweka pamoja.

Zéphirin Onema alitoka upande wa Kibombo. Alikuwa na mvi, na alikuwa amebatizwa akiwa tayari ana mke na watoto. Kila asubuhi, kabla tanuru halijawashwa, alisimama karibu na usukani na shapele, rozari yake, mkononi akamwomba Mama Maria awafikishe salama. Kasimu alikuwa mdogo kwake kwa umri, mmoja wa Waungwana wa Kindu, ambao babu zao walifika na misafara kutoka pwani. Yeye alitandika mkeka wake nyuma ya masua jua likizama. Wenzao walisema masua ile haiwezi kuzama, maana Mungu iko anaitwa mbele na nyuma. Wao wawili hawakucheka.

Mwaka wa 1956 ikatoka amri kwamba mshika usukani asiyeweza kusoma maagizo ya Kifaransa ataondolewa kiangazi kikiisha. Zéphirin alijua kila mwamba kutoka Kindu mpaka Ponthierville. Alijua pia kusoma kitabu cha sala cha Kiswahili. Kifaransa hakukijua. Akajiandikisha katika masomo ya jioni, yaliyofanyika ndani ya ghala la bandari, kati ya magunia ya mchele na mapipa ya mawese. Kasimu naye akajiandikisha, na hakuficha sababu. Alisema mbele ya watu kwamba anataka kuona kiangazi kikiisha ni nani atakayeshika gurudumu lile.

Mwalimu wao alikuwa Anaclet, karani wa bandari, kijana mwenye tai na viatu vinavyong'aa. Aliwaheshimu wazee kwa maneno na kuwadharau kwa macho. Alipomwona Zéphirin ameinamia kitabu huku jasho linamtoka, alisema, "Muzee, kitabu si usukani. Usikishike kwa mikono mbili." Darasa zima likaangua kicheko, na Kasimu akacheka kuliko wote. Zéphirin alisema moyoni *Salamu Maria* moja, akaanza mstari tena kutoka mwanzo, kidole chake kikitembea chini ya maneno kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja tu kwa darasa zima. Mzungu mmoja aliyerudi kwao alikiacha ndani ya sanduku, na Anaclet akakichagua kwa sababu kilihusu meli, na wao walikuwa watu wa meli. Hakikuwa hadithi ya kutungwa. Kilieleza mambo yaliyotokea kweli zaidi ya miaka mia moja na hamsini nyuma, katika meli ya mfalme wa Waingereza, ambapo mabaharia walimwasi nahodha wao aliyeitwa Bligh. Anaclet aliandika sehemu zake ubaoni, na kitabu kilipokezanwa, kila mwanafunzi akikaa nacho nyumbani kwa zamu yake. Mtihani ungekuwa kusimama mbele ya Wazungu watatu, kusoma ukurasa mmoja wa kitabu hicho, na kueleza maana yake.

Midomo ya darasa haikuliweza jina lile kama lilivyoandikwa. Wote walisema Bligi.

Meli ya Bligi ilitumwa visiwa vya mbali kuchukua miche ya mti unaozaa tunda kubwa ambalo watu wa kule hulichoma na kulila kama mkate. Miche ile ilikuwa ipelekwe visiwa vingine, ambako Waingereza walikuwa na watumwa kwenye mashamba ya miwa, ili watumwa wapate chakula kisicho na gharama. Ila katika safari ya kurudi meli iliharibika kwa maneno. Nahodha aliona rundo la nazi zake limepungua. Akawapanga wakubwa wa meli mbele yake, akamuuliza kila mmoja alinunua nazi ngapi na amekula ngapi, kisha akawaita wote wezi. Alfajiri iliyofuata msaidizi wake alimtoa kitandani akiwa amefungwa mikono, akamshusha katika mtumbwi pamoja na wale waliomfuata. Mtumbwi ukajaa mpaka maji yakakaribia ukingo. Wengine waliokuwa upande wa nahodha wakakosa nafasi, wakabaki kwenye meli pamoja na waasi. Nahodha aliwaita kutoka chini akawaambia wasiogope; akifika kwao salama, atawatendea haki.

Jioni Anaclet alipomaliza sehemu ile, aliuliza nani ana kosa. Zéphirin alisimama. Alikuwa amejiandaa siku nyingi, na alikuwa ameomba apewe maneno. Alisema kwamba mamlaka yote hutoka kwa Mungu, na mtu anayemfunga mkubwa wake anaifunga mikono ya Mungu aliyemweka.

Kasimu hakungoja kuitwa. "Na ile miti ilikuwa ya nani, muzee? Chakula cha watumwa. Mungu wako njo yeye alikuwa anapanda miti ya watumwa?"

"Wewe usiseme watumwa," Zéphirin alijibu. "Babu yako alipofika Maniema, alikuja na minyororo, na shingo zilizotiwa ndani yake zilikuwa za kwetu."

Kasimu alisimama polepole. Alisema babu yake mwenyewe alifika Nyangwe amefungwa, akanunuliwa akiwa mtoto, na alipoachiliwa ndipo alipopata jina, kanzu na Kurani. Alisema, "Weye unasema usichojua, halafu unapiga alama ya msalaba juu yake ili kionekane kweli."

Anaclet aligonga ubao akawaambia wakae. Zéphirin alikaa, lakini uso ulimwaka. Usiku ule alisali kwa muda mrefu, na hakumtaja Kasimu katika sala yake.

Juma lililofuata masua iliteremka tena. Kapiteni wao alikuwa Mbelgiji mnene kutoka Ostende, mtoto wa watu wa bahari, mwenye hasira za haraka. Katika Kindu hakuna Mzungu aliyekaa mwezi mmoja bila kupewa jina. Jina lile halikuwa tusi tupu wala sifa tupu; lilikuwa njia ya watu kusema habari zake akiwa amesimama pale pale bila yeye kujua. Huyu aliitwa Bwana Kitambaa, kwa sababu ya kitambaa alichojifutia shingo mchana kutwa.

Walipofika bandari ya Kirundu, kapiteni alinunua mananasi, akayapanga karibu na usukani ili ayapelekee familia yake. Asubuhi aliona rundo limeshuka. Akawapanga watu wote wa masua mbele yake, kuanzia mpishi hadi mchochea moto, akamuuliza kila mmoja amekula mangapi. Kila mmoja alisema hakula. Alipofika kwa Zéphirin, Zéphirin alidhani atapitwa, kwa kuwa alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi bila neno. Kapiteni alimsogelea mpaka pumzi zao zikakutana.

"Hasa wewe," alisema. "Unabusu msalaba ili nisikuangalie mikono."

Kisha akawaita wote wezi na kuwapunguzia mchele mpaka safari iishe.

Zéphirin alishika gurudumu siku nzima. Mengine yote angeweza kuyameza. Ule msalaba haukumezeka. Walipofika Kindu alikwenda darasani moja kwa moja, na Anaclet alipouliza nani anakumbuka nahodha wa kitabu alikuwa mtu wa namna gani, Zéphirin alisema bila kusimama:

"Hakuna haja ya kitabu. Bligi wetu njo yule iko anahesabu mananasi."

Darasa lilicheka mpaka watu wakaegemea magunia. Anaclet mwenyewe alicheka akafuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza wanacheka pamoja na Zéphirin wala si juu yake, na ni lazima kusema kweli, alifurahi. Kasimu hakucheka. Alimtazama mzee yule kwa muda, kama mtu aliyeokota kitu njiani ambacho anaijua thamani yake. Kabla juma halijaisha, jina la Bwana Kitambaa lilikuwa limekufa, na bandari nzima ya Kindu ilimwita kapiteni Bligi.

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo watu wa Kindu tu wangelifanya. Majina yote waliyowahi kuwapa Wazungu yalitoka katika lugha yao wenyewe, na Mzungu akiyasikia aliyaona kelele tu. Jina hili walilichukua kutoka kwa Wazungu. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mwenyewe angeweza kulijua.

Safari iliyofuata masua ilisimama kwenye posti ya kuni, kituo cha kupakia kuni za tanuru. Watu walipanga mstari kutoka ukingoni mpaka kwenye masua, wakapokezana magogo, na kama ilivyo desturi ya kazi ile, mmoja alianzisha wimbo na wengine wakaitikia. Mwanzishaji alikuwa Kasimu, mwenye sauti iliyozoea kufika mbali.

*Bligi, hesabu mananasi yako,*
*Bligi, hesabu.*
*Mtumbwi uko tayari majini,*
*Bligi, panda.*

Waliimba wakicheka, na magogo yakaenda haraka. Kapiteni alikuwa juu, anakunywa kahawa. Zéphirin, aliyesimama karibu naye, alimwona anaacha kunywa. Mtoto wa watu wa bahari kutoka Ostende alikuwa amelisikia jina la Bligh tangu utotoni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini mtumbwi alijua ni nini, na panda alijua ni nini. Uso wake ukawa mweupe kama unga wa muhogo. Aliingia chumbani akatoka na bunduki.

Alishuka akauliza nani ni Bligi. Kasimu, gogo begani, alisema ni wimbo tu wa kazi, Bwana. Kapiteni aliamuru afungwe mikono na miguu, akaamuru masua igeuzwe irudi Kindu na kuni zile zile chache zilizokwisha kupakiwa.

Njia nzima kapiteni alisimama karibu na usukani, bunduki chini ya kwapa, mgongo wake ukielekea kwa Zéphirin, kwa maana ndiye peke yake aliyemwamini kumgeuzia mgongo. Alisema naye kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. Alisema habari ya mananasi isahauliwe, alikuwa na homa siku ile. Alisema Zéphirin ni mtu wa Mungu na si kama hawa. Habari ya mtihani pia asiogope, atawaandikia wakubwa kwamba bila huyu mshika usukani yeye haendeshi masua. Kwa neno moja Zéphirin alikuwa amepewa kile alichokitafuta jioni zote zile kwa kidole na jasho. Alijibu, "Asante, Bwana," akatazama mto.

Kasimu alitiwa ndani ya chumba cha polisi. Askari walikwenda nyumba kwa nyumba kukitafuta kitabu, wakakikuta kwa Zéphirin, maana ilikuwa zamu yake. Mkewe, Odile, ndiye aliyewakabidhi. Neno likaenea kwamba Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, ameona uasi, na kwamba Kasimu atahamishwa mbali na nyumbani, bila siku ya kurudi. Anaclet aliwakusanya wanafunzi nyuma ya ghala. Aliwaambia kila mmoja atakayeulizwa aseme jina lile lilitoka kinywani mwa Kasimu kwenye kuni, wala halikusikika darasani. Likisikika darasani, darasa lote litaonekana kuwa kambi ya waasi, na yeye mwalimu ndiye kiongozi. Wengine waliinamisha vichwa, wakakubali. Wote walijua nani alilitoa jina. Hakuna aliyemtazama.

Zéphirin alikwenda kanisani akapiga magoti mpaka magoti yakafa ganzi. Aliomba apewe amani, na hakupewa. Kisha akaenda polisi, akamwomba askari wa zamu amruhusu kuongea na mfungwa dirishani.

Kasimu alikuja kwenye nondo. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Hakusalimia. Aliuliza kitu ambacho Zéphirin hakukitarajia: kama amefika mwisho wa kitabu.

Zéphirin alisema amefika.

"Wale waliokosa nafasi kwenye mtumbwi. Walifanywa nini?"

Zéphirin alimweleza. Meli nyingine ilitumwa kuwatafuta, na wote waliokamatwa walitiwa minyororo pamoja, waasi na wasio waasi. Baadaye walihukumiwa. Wale ambao nahodha alikuwa ameandika kwamba walizuiwa bila kupenda, waliachiliwa. Wengine hakuwataja kwa wema, nao walihukumiwa kufa. Mfalme aliwasamehe baadhi yao. Watatu walinyongwa.

Kasimu alifikiri. "Basi mambo yote njo nani ametajwa, na ametajwa vipi."

"Ndiyo."

"Mimi sitakutaja, muzee. Wameniuliza mara nyingi, na kwa fimbo pia, na sikukutaja. Usifikiri ni kwa upendo. Simtoi muntu kwa Mzungu, hata mbwa simtoi. Na tena nataka uende misa Jumapili ukiwa na mimi shingoni. Ukipiga magoti, niko. Ukipokea komunyo, niko. Ukishika ule usukani mpaka uzee wako, mimi njo nitakuwa mikono yako." Akarudi gizani, akaketi.

Nyumbani Odile alikuwa ameshamwona usoni. Alimwekea ugali, akasimama. Hakuzunguka maneno. Alimuuliza Kasimu ni nani wake.

"Ni adui yangu."

"Basi mwache Mungu wake amtetee."

"Mungu wake hakutoa jina," Zéphirin alisema. "Ni mimi nililitoa."

Odile alimwambia kwamba katika nyumba hii kuna watoto wanaokula kila siku, na kwamba ukweli hauchambuliwi kama mchele ukaingia sufuriani. Alisema mambo mengine makali zaidi, kisha akaenda kulala kwa dada yake. Zéphirin alikula peke yake. Alikuwa anamchukia Kasimu hata wakati ule, na alijua. Alimwomba Mungu aiondoe chuki ile kwanza, ili atakalolifanya liwe safi. Chuki haikuondoka. Akaona kwamba itambidi aende nayo.

Asubuhi waliitwa ofisini. Ajenti wa serikali alikaa nyuma ya meza, kitabu mbele yake. Kapiteni alikaa pembeni anajifuta shingo. Kasimu alikuwa ameketishwa sakafuni, askari amemsimamia. Anaclet alisimama katikati kama mkalimani. Wanafunzi wawili walikwisha kusema waliyofundishwa. Zéphirin alipoingia, kapiteni alimwambia ajenti kwamba huyu ni mtu mwema.

Ajenti aliuliza anajua nini juu ya jina na wimbo. Zéphirin alijibu kwa Kiswahili, polepole, ili asikosee. "Bwana, jina lile nililitoa mimi. Nililitoa darasani, kwa hasira ya mananasi. Kasimu alilichukua tu akaliimba, kama watu wanavyoimba."

Anaclet akasema kwa Kifaransa kwamba shahidi anasema alimsikia Kasimu akiimba, na hajui zaidi.

Miezi michache nyuma Zéphirin asingalijua. Maneno ya Mzungu yangalimpita juu ya kichwa kama ndege. Sasa aliyasikia moja moja, akasikia pia kwamba lake halimo. Alimtazama Anaclet, akaona tone la jasho linashuka kwenye kola yake nyeupe. Angeweza kunyamaza hapo. Alikuwa ameshasema kweli mbele ya Mungu, na mwingine ndiye aliyeizuia mlangoni. Wazo lile lilikuwa tamu.

Kasimu alicheka kidogo kutoka sakafuni. Naye alikuwa amefahamu Kifaransa kile.

Zéphirin aligeukia meza, akasema kwa Kifaransa chake, maneno yakitoka yamepinda, moja limelala juu ya jingine. Alisema: jina, mimi. Darasani, mimi. Huyu hapana. Huyu aliimba tu.

Kapiteni aliacha kujifuta. Ajenti alimwamuru Anaclet akae, akamuuliza Zéphirin mwenyewe kwa nini mtu ampe mkubwa wake jina la nahodha aliyeasiwa, kama hapangi uasi.

Ilimbidi aeleze jambo ambalo kila mtoto wa Kindu analijua na ambalo hakuna mtu mzima aliyewahi kumweleza Mzungu. Alisema, akichanganya Kifaransa na Kiswahili, kwamba hapa kila Mzungu ana jina. Ni desturi. Kapiteni kabla ya hili alikuwa na lingine. Wapadri wanayo. Daktari analo. Wimbo nao ni hivyo hivyo. Watu wanabeba kuni, na kinywa kinabeba kitu ili bega lisahau.

"Na mimi?" ajenti aliuliza.

Askari aliyekuwa mlangoni alitazama vidole vya miguu yake. Kasimu aliinua kichwa.

"Ndiyo, Bwana. Unalo."

"Lipi?"

Zéphirin hakujua namna ya kulilainisha kwa Kifaransa, akalisema kama lilivyo. "Bwana Kesho."

Ajenti hakuhitaji mkalimani. Kesho lilikuwa neno alilolijua kuliko maneno yote ya Kiswahili, maana ndilo alilowaambia watu wote waliopanga mstari nje ya ofisi yake. Hakucheka. Alikaa ameshika kalamu, shingo yake ikawa nyekundu taratibu. Halafu akamgeukia kapiteni, na sauti yake ilikuwa baridi. Alimuuliza kama kuna mtu aliyemgusa. Kapiteni alisema hapana. Kama kuna mtu aliyetayarisha mtumbwi. Hapana. Kama aliona panga, kamba, au kitu chochote mkononi mwa mtu isipokuwa kuni. Kapiteni alisema alisikia alichosikia.

Uasi ukaisha hapo. Kilichobaki kiliitwa kukosa heshima. Kasimu aliongezewa siku chache ndani kwa ajili ya wimbo. Darasa lilifungwa, kitabu kikatiwa kabatini, na Anaclet akapelekwa kuhesabu magunia huko Kailo. Zéphirin aliulizwa kama ana la kusema, akasema hana. Kapiteni ndiye aliyekuwa nalo. Alisimama mbele yake kama siku ya mananasi, lakini safari hii alisema kwa sauti ya chini. Alisema wale wengine hakuwahi kuwategemea, kwa hiyo hawajamfanya kitu. Huyu alimgeuzia mgongo njia nzima ya mto, bunduki kwapani, akimdhania rafiki, na kumbe ndiye aliyelianzisha jina lile. Alisema hataweka tena mguu kwenye masua ambayo mtu huyu ameshika usukani wake.

Wakamwondoa Zéphirin kwenye usukani siku ile ile. Kwa kuwa alikuwa bado na mabega, walimpa kazi ya kupakia kuni bandarini.

Odile alirudi nyumbani baada ya siku kadhaa. Hakusema amesamehe, alisema watoto wanamuuliza. Zéphirin aliendelea kwenda misa ya asubuhi kabla ya kazi, akapokea komunyo, na shingoni hapakuwa na mtu. Ila mikono yake ilikuwa haijui la kufanya. Alipokuwa anatembea, ilijigeuza yenyewe, kulia kidogo, kushoto kidogo, naye akaificha mifukoni.

Kasimu alipotoka, alirudishwa kwenye upondo wake, maana wapima maji wazuri hawakuwa wengi. Hakwenda kwanza kwao. Alishuka bandarini, akamkuta Zéphirin amebaki nyuma ya wenzake na gogo la mwisho, akamzibia njia.

"Ulifikiri nitakuja kukushukuru."

"Sikufikiri."

"Nilikuwa nimekushika, muzee. Nilikuwa nimekushika vizuri. Sasa mtaa mzima unasema Onema alimwokoa Kasimu. Wanakuja kwa mama yangu kumpa hongera. Niende wapi na maneno hayo?"

Zéphirin aliteremsha gogo chini, kwa sababu lilikuwa zito na mazungumzo hayakuonekana mafupi. Alisema, "Nilikuombea kila siku ulipokuwa ndani. Nilimwomba Yezu anipe kukupenda. Bado hajanipa."

"Asikupe," Kasimu alisema. "Tukae hivi hivi."

"Tukae."

Masua ilipiga honi. Mshika usukani mpya, kijana aliyesoma, alikuwa amekwisha kupanda, na kutoka juu mtu aliita kuni ziishe haraka. Zéphirin aliinama. Gogo lilikuwa la mti mbichi, na lilikuwa la watu wawili kulinyanyua. Mtu akishalitua peke yake, hawezi kujitwika tena. Alilijaribu mara moja, likamshinda. Akalijaribu tena. Kasimu alitazama kulia, akatazama kushoto. Wapakiaji wengine walikuwa mbali.

Alitukana kwa sauti ya chini, akainama, akashika upande wa pili. Walinyanyua. Kasimu alilitupa begani mwa mzee kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Zéphirin akayumba, mguu mmoja ukatafuta ardhi, kisha akasimama.

"Tembea," Kasimu alisema. "Wanangoja."